Macho Hayana Pazia: Wajibu wa Mpiga Filamu wa Ridhaa

Wahenga wetu walituachia methali mbili juu ya kuona ambazo, zikitazamwa juu juu, zaonekana kana kwamba zinapingana. Ya kwanza husema kwamba macho hayana pazia. Maana yake ni kuwa mwenye macho hawezi kuzuiwa kukiona kilicho mbele yake, wala hastahili lawama kwa kukiona. Ya pili husema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Hii yatufundisha kuwa kuona ni mwanzo tu wa safari. Nyuma ya jahazi liendalo majini wako mafundi, ziko mbao na misumari, uko na usiku wa kazi. Na asiyeuliza habari za hayo ameliona jahazi lakini hajalijua. Katika insha hii twakusudia kuzipima methali hizi mbili kwa kazi ya mtu mmoja wa zama zetu, yaani mpiga filamu. Je, kuona ni kujua? Na je, mwenye kamera ana haki ya kukionyesha kila akionacho?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Siku hizi simu ya mkononi imemfanya karibu kila mtu kuwa mpiga filamu, mzee kwa kijana, na picha iliyopigwa Kahama asubuhi yaweza kutazamwa Dar es Salaam kabla ya adhuhuri. Tena tumelichagua eneo la Shinyanga na machimbo ya dhahabu ya Geita kuwa uwanja wa fikra zetu kwa sababu maalumu: katika nchi ile, kuona kulikokosa kuuliza kumewahi kuwatoa watu roho zao.

Tumchukue, kwa mfano, mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari katika mji wa Shinyanga. Hatumtaji mtu fulani. Tunamwunda kutokana na watu wengi wa namna yake, ili mawazo yetu yapate mahali pa kusimama. Asubuhi hupanda baiskeli, kama wafanyavyo wengi katika mji ule, akaenda kufundisha habari za nuru na lenzi. Jioni hupita sokoni kununua dagaa na michembe, akasimama kidogo kwa fundi baiskeli kutazama jinsi mpira wenye tundu unavyozamishwa majini ili viputo vionyeshe mahali pa tundu. Siku za mapumziko hutoka na kamera yake ndogo, akapiga filamu fupi za mambo ya kawaida: mashine ya kukoboa mpunga, ng'ombe wakirudi zizini, kinyozi na wateja wake. Halipwi na mtu. Lugha yetu humwita mtu wa namna hii mtu wa ridhaa, kama tusemavyo mabondia wa ridhaa, yaani watu wafanyao jambo kwa kulipenda wala si kwa ujira. Neno hili *ridhaa* yafaa tuliweke akilini, kwani tutalirudia.

Mwalimu huyu ana udadisi wa kisayansi, na udadisi wenyewe ulianzia nyumbani. Katika paa la bati mna tundu lililoachwa na msumari, na mchana mwanga hupenya hapo ukaweka duara dogo la nuru sakafuni. Mtoto hudhani kuwa duara lile ni umbo la tundu. Lakini tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na huko Rujewa, mkoani Mbeya, watu walilishuhudia likiwa kama pete ya moto. Kwa watu wa kaskazini, ambao jua lao lilifunikwa sehemu tu, kila duara dogo la nuru sakafuni liligeuka kuwa kama mwezi mchanga. Tundu la bati halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jua. Kumbe siku zote lile duara lilikuwa picha ya jua lenyewe! Jambo hilo mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra katika karne ya 10, alilichunguza kwa kutumia chumba cha giza na tundu dogo. Na kamera zote za leo ni watoto wa chumba kile. Watu wameishi chini ya mabati miaka mingi, wakiiona picha ya jua kila siku, wasijue kuwa wanaiona.

Sinema nayo ilizaliwa katika swali la kisayansi. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kando ya njia ya farasi ili ajibu hoja iliyokuwa imewashinda watu: je, farasi apigapo mbio kuna wakati ambapo miguu yote minne huwa hewani? Watu walikuwa wamewatazama farasi kwa maelfu ya miaka bila kupata hakika. Picha zilionyesha kuwa ndiyo, miguu yote huachana na ardhi, tena wakati ule imekunjwa chini ya tumbo, si wakati imenyooshwa kama wachoraji walivyozoea kuchora. Hapa hapana budi tuangalie jambo moja. Kamera haikujibu kwa sababu ina jicho kali kuliko la mwanadamu. Ilijibu kwa sababu iliulizwa swali, na ikapangwa kwa uangalifu ili ilijibu swali lile. Kamera isiyoulizwa kitu hukusanya picha kama upepo ukusanyavyo majani.

Historia ya sinema katika nchi yetu yatupa onyo la upande wa pili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, sauti zikawekwa katika santuri ili ziweze kubadilishwa kwa lugha mbalimbali, na gari likazipeleka vijijini. Baadhi ya wakuu wa kazi za namna hii katika makoloni waliamini kuwa Mwafrika hana uwezo wa kuifuata picha iendayo kwa kasi, hivyo aonyeshwe polepole na kwa namna ya kitoto. Ushahidi wao uliopendwa sana ni kisa ambacho Marshall McLuhan wa Kanada alikisimulia tena katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji fulani wa Afrika walionyeshwa filamu ya usafi, juu ya kuondoa maji yaliyotuama na makopo matupu. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Wenye filamu walishangaa, maana hawakujua kuwa mna kuku. Ikabidi waikague picha baada ya picha, na kweli, katika pembe ya chini, kuku alikatiza kwa muda wa sekunde hivi.

Kisa hiki kilitumiwa kuthibitisha upungufu wa watazamaji. Sisi twakisoma vingine. Wanakijiji walisema kweli: kuku alikuwamo. Waliokosa kumwona ni wale walioitengeneza filamu na kuikata kwa mikono yao. Kila upande uliona kile ambacho maisha yake yalimzoeza kukitafuta. Wala dai la kwamba Mwafrika haielewi sinema halikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana Rashidi Kawawa alicheza kama mhusika mkuu katika filamu ya *Muhogo Mchungu*, na kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Basi fundisho tulichukualo ni hili: jicho halipokei tu, bali huchagua, na mwenye kamera asiyejua kuwa anachagua huwadanganya wengine baada ya kujidanganya mwenyewe.

Sasa twende katika jambo lenyewe zito. Kwa miaka mingi huko Usukuma vikongwe wenye macho mekundu walishukiwa kuwa wachawi. Hesabu za serikali za kati ya mwaka 1970 na 1984 zilionyesha kuwa watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa Usukuma. Tutafakari kwa utulivu. Waliosema kuwa macho ya bibi yule ni mekundu hawakusema uongo. Wangekuwa na kamera, kamera ingewaunga mkono, maana wekundu ulikuwapo. Kosa halikuwa katika kuona. Lilikuwa katika hatua fupi iliyorukwa kati ya kuona na kuhukumu, pale ambapo mtu alitakiwa kuuliza: wekundu huu umeundwa na nini?

Ingeulizwa hivyo, jibu lilikuwa jikoni. Bibi yule amepika maisha yake yote katika chumba kisicho na dirisha, na kwa kuwa kuni ni adimu, huchochea moto kwa samadi kavu na mabua, vitu vyenye moshi mkali. Na kwa nini kuni ni adimu? Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, Shinyanga ikiwa makao ya utafiti wa mbung'o, misitu mingi ilifyekwa ili mbung'o wakose maficho. Kisha mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikaendeleza ufyekaji. Hata sayansi ya siku zile, basi, iliona nusu ya jambo: ilimwona mbung'o na kichaka chake, haikuuona moshi ambao ungekuja kuyachoma macho ya wanawake miaka mingi baadaye. Mti umekatwa, kuni zimekosekana, samadi imewashwa, moshi umejaa, macho yamekuwa mekundu, na mwisho panga limeinuliwa. Mnyororo huu mrefu hauonekani katika picha moja ya uso wa bibi.

Lakini waweza kuonekana katika filamu, na hapa ndipo mwalimu wetu anapopata kazi inayomfaa. Filamu ina kitu ambacho picha moja haina, nacho ni mfuatano. Aweza kuanza na macho, akarudi jikoni, akatoka nje hadi kwenye samadi inayoanikwa, akafika kwenye kilima kisicho na mti. Tena aweza kuonyesha kwamba mnyororo hukatika. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ambao uliifufua desturi ya zamani ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lisiguswe mpaka wakati wa ukame. Kufikia mwaka 2004, mradi ulipomalizika, ngitili zilizorejeshwa zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Mtu mwenye subira aweza kusimamisha kamera mahali pamoja kila mwaka, wakati ule ule, akauonyesha mti ukirudi. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule zetu zijenge akili yenye kudadisi. Twaona kuwa filamu ya namna hii ni tunda mojawapo la akili hiyo.

Geita hutupa fumbo lililo kinyume cha hili. Shinyanga watu waliona wekundu wakaogopa kisichokuwapo. Katika machimbo ya dhahabu watu hawaoni kitu, na kwa hiyo hawaogopi kilichopo. Mchimbaji mdogo hutoa mawe katika duara, akayasaga kwa karasha, akayaosha katika mwalo, kisha akachanganya mchanga uliobaki na zebaki ili dhahabu ishikamane nayo. Kile kidonge hukamuliwa katika kitambaa na kuchomwa motoni. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Hivyo zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hukaa mapafuni, huingia katika damu, huharibu mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka na kumbukumbu hupungua. Mwaka 2003 huko Rwamagasa, wilayani Geita, watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikuta dalili za sumu ya zebaki miongoni mwa watu waliokuwa wakichoma dhahabu. Mpiga filamu akienda pale na kamera yake ataleta picha nzuri ya moto, ya mikono ya kazi na ya punje inayong'aa. Jambo kubwa kuliko yote halitakuwamo.

Je, kamera imeshindwa? Imeshindwa ikiwa mwenyewe hajui anachokitafuta. Wanasayansi wameonyesha kwamba mvuke wa zebaki huizuia nuru ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Ukiwekwa kati ya taa ya nuru hiyo na ubao maalumu unaong'aa, kivuli chake hupanda ubaoni kama moshi mweusi. Hivyo kilichofichika chaweza kuonyeshwa, mradi ujuzi utangulie mbele ya picha. Aidha mpiga filamu aweza kuonyesha chombo kinachofungwa juu ya moto ili kuunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, na mchimbaji akaona kuwa afya yake na fedha yake vyote vinaokolewa. Huko ni kufundisha bila kumdharau anayefundishwa.

Mpaka hapa yaonekana kana kwamba sayansi yatosha: uliza sababu, onyesha sababu, kazi imekwisha. Twakataa. Uko upande wa pili wa kazi hii, nao hauhusu lenzi wala nyuzi za joto. Zebaki iliwahi kuuletea ulimwengu msiba katika mji wa Minamata, Japani, ambako ilitoka kiwandani, ikaingia baharini, ikala na samaki na watu. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Katika miaka ya 1970 Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walipiga picha ya mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na ugonjwa ule. Picha hiyo iliutikisa ulimwengu kuliko ripoti nyingi. Wazazi walikuwa wamekubali ipigwe. Lakini binti alifariki mwaka 1977, na picha ikaendelea kuzunguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi waliomba mtoto wao apumzishwe, na Aileen akakubali isichapishwe tena. Jina la mkataba wa dunia wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki, ambao Tanzania imejiunga nao, ni Mkataba wa Minamata. Hivyo picha ile ilikuwa na faida kwa wengi, na kumstahi binti yule kulikuwa na haki yake. Aileen hakusema kuwa faida ya wengi inalifuta ombi la wachache waliopigwa picha.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi kwetu. Tangu mwaka 2007 hivi, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilishuhudia watu wenye ualbino wakishambuliwa na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri machimboni na ziwani. Sayansi hueleza kuwa ualbino ni upungufu wa rangi ya mwili unaorithiwa kwa baba na mama wote wawili, na kwamba hauna uhusiano wowote na dhahabu. Filamu ya kueleza hivyo ni njema. Hata hivyo filamu hiyo hiyo, ikionyesha uso wa mtoto, mlango wa nyumba yao na njia aendayo shuleni, yaweza kumwongoza muuaji. Ukweli wake hautamwokoa mtoto. Mpiga filamu atakuwa amesema kweli na kumsaliti mtu kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo tunapolirudia neno letu. Mpiga filamu wa ridhaa huifanya kazi yake kwa ridhaa yake mwenyewe. Twadai aifanye pia kwa ridhaa ya yule anayempiga picha. Tumwone mwalimu wetu mlangoni pa jiko la kikongwe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Hicho ulichoshika ni nini?”

“Ni kamera, bibi. Naomba kupiga picha ya moshi wa jiko lako, ili watu wajue unavyoumiza macho.”

“Na hao watu ni wa hapa kijijini, au wa mbali?”

Swali la bibi lina hekima kuliko lilivyo fupi. Anataka kujua picha itakwenda wapi, nani ataitazama, na kama watazamaji wataiona sababu au wataona macho mekundu tu. Mwalimu asiyeweza kumjibu hana budi kuifunga kamera yake, anywe maji atakayopewa, arudi siku nyingine. Pengine bibi atasema: piga moshi, usipige uso. Filamu itapungua uzuri, bali haitapungua ukweli hata chembe, maana kilichokusudiwa kuelezwa ni moshi.

Yuko atakayetupinga kwa hoja yenye nguvu. Atasema: mkingoja ridhaa, dhuluma haitaonyeshwa kamwe, kwani hakuna mwenye karasha atakayeridhia kupigwa picha akiwatuma watoto kushika zebaki kwa mikono mitupu. Twaikubali hoja hii kwa sehemu. Ridhaa ni ngao ya mnyonge. Haikuwekwa iwe kificho cha mwenye nguvu. Anayewadhulumu wengine hawezi kudai staha kwa kuificha dhuluma yake. Lakini hata hapo watoto wale wana nyuso, na nyuso zao si mali ya mpiga filamu. Aonyeshe mikono na zebaki, aonyeshe karasha na kazi yenyewe, na nyuso azihifadhi. Mizani yetu ni hii: kabla ya kuonyesha, mtu ajiulize ni nani atakayelipa gharama ya picha. Ikiwa atakayelipa ni mnyonge aliyepigwa picha, basi faida ya watazamaji isiharakishwe juu ya mgongo wake.

Sasa tuzirudie methali zetu. Tuliona kuwa zaonekana kupingana, lakini sivyo. Macho hayana pazia, na kwa hiyo hatumlaumu mtu kwa kuona. Lakini kamera, kinyume cha macho ya methali, inalo pazia. Mle ndani, mbele ya mahali picha inapotua, mna kizuizi kinachofunguka na kufungika, na kidole cha mtu ndicho kinachokiamuru. Kwa kuwa aweza kufungua na aweza kufunga, mpiga filamu ana hiari. Na mwenye hiari ana wajibu. Wajibu wake wa kwanza ni kuuliza vilivyoundwa kabla ya kuonyesha vinavyoelea. Wa pili ni kumwuliza mwenye uso kabla ya kuuchukua uso wake.

Walimu na wanafunzi wa shule zetu hawahitaji kungoja mitambo ya fahari ili waianze kazi hii. Tundu la msumari katika bati, jiko la nyumbani, ngitili ya kijiji na simu iliyomo mfukoni vyatosha kwa kuanzia. Yule bibi bado amekaa karibu na moto wake, na moshi bado unapanda. Atakayekwenda kumtazama aingie kwa shikamoo, aketi, aulize kuni zinatoka wapi; kamera ataifungua baadaye, akiruhusiwa.